Kuro na Siku ya Nyayo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa ya wapi?

Ya bwawani!

Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Aliyekaa mbele na ni mrefu, amwachie mfupi aone. Aliyekaa mlangoni apishe, kuna wengine bado wanakuja. Tayari?

Tayari!

Hapo zamani za kale, siku ya Jumatano, saa tatu kamili asubuhi, Nyati alipanda juu ya kichuguu akapiga mbiu. Msiniulize saa nimeijuaje. Umande ulikuwa umekauka kwenye majani ya juu, ila kwenye majani ya chini ulikuwa bado. Hiyo ni saa tatu.

"Wanyama wa Bwawa la Matete! Mpo?"

"Tupo!"

"Mvua zimekwisha. Vidimbwi vinakauka. Mwezi ukishakuwa mpevu, asubuhi yake ni Siku ya Nyayo!"

"Tumesikia!"

Siku ya Nyayo ni siku gani? Nitawaambia. Bwawa la Matete lilikuwa chini, ndani ya bonde dogo lenye umbo la bakuli, na kando zake zilikuwa zimesimama wima. Njia ya kushukia ilikuwa moja tu. Kila kiangazi kilipoanza, kila mnyama alishuka kwa njia ile, akakanyaga matope kando ya maji, akaacha unyayo wake. Nyati akapita akitazama. Unyayo wa pundamilia upo. Wa ngiri upo. Wa kanga upo. Mwenye unyayo alikunywa kiangazi chote. Asiye na unyayo, aende akatafute maji kwingine.

Na kwingine kulikuwa wapi? Kulikuwa na mto mmoja, mbali, ng'ambo ya vilima. Njiani kuna fisi.

Sasa palikuwa na mnyama mmoja, jina lake Kuro. Kuro ni yule swala mkubwa mwenye manyoya marefu ya kahawia, na nyuma ana duara jeupe, kama aliyekalia ndoo ya chokaa ikiwa mbichi. Swala wengine huweza kukaa siku kadhaa bila maji. Kuro hawezi. Kuro asipokunywa leo, kesho macho yanaingia ndani.

Na Kuro huyu alikuwa amenaswa na waya wa mtego mvua zile zilipoanza. Mguu wa nyuma, wa kulia. Ngoja nirudie, maana mtauhitaji mbele ya safari: wa nyuma, wa kulia. Waya ulikatika, Kuro akapona, lakini mguu ule haukukunjika tena. Ukawa unaburuzika. Alipotembea, kwato tatu ziligonga na mguu mmoja ukafuata nyuma. Hivi:

Ko, ko, ko, shwaaa.

Semeni nami.

Ko, ko, ko, shwaaa!

Vizuri. Nikinyoosha mkono, mtasema tena.

Wakati wa mvua Kuro alikunywa maji yaliyotuama mwambani, huku juu. Hakuhitaji kushuka bondeni. Lakini asubuhi ile ya Jumatano alikuwa ametoka kulamba mwamba, akalamba vumbi. Ndipo akaisikia mbiu. Njia ile ya bwawani aliijua. Ilikuwa imesimama kama ngazi ya kupandia darini. Kushuka, mguu wake ungemsukuma kutoka nyuma. Kupanda, hakuwa na cha kujisukumia.

Kuro hakulala vizuri. Alijipangia maneno, akayapangua, akayapanga tena. Asubuhi yake akaenda barazani.

Ko, ko, ko, shwaaa!

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Mzee, sheria ya bwawa inasemaje?"

Nyati akashangaa. Sheria ile hata vifaranga wa kanga waliijua. Akaisema hata hivyo, polepole, kama mzee anayependa kusikia sauti yake:

"Kila mnyama atashuka kwa miguu yake. Kila mnyama atakunywa kwa mdomo wake. Hakuna kubebwa. Hakuna kuletewa."

"Inasema kila mnyama?"

"Kila mnyama."

"Na mimi ni mnyama?"

Kima alikuwa juu ya mti, mkia unaning'inia. "Kwa mbele ni mnyama!" akapiga kelele. "Kwa nyuma ni ndoo ya chokaa!"

Baraza likacheka. Kuro naye akacheka, maana lilichekesha. Kisha akasema: "Basi, wazee wangu, sheria ikinitaka nishuke, inawataka na ninyi mniachie pa kushukia. Njia iliyopo si ya kila mnyama. Ni ya wenye miguu minne mizima."

Minong'ono ikaanza. Ngiri akainua meno yake. "Njia nzima? Kwa ajili ya mnyama mmoja?"

"Kaka Ngiri," akasema Kuro, "ule waya ulitegwa kwenye njia yetu sote. Mimi nilitangulia kupita tu."

Ngiri akashusha meno. Akautazama mguu wake mwenyewe wa nyuma, kisha akatazama pembeni.

Nyati akakohoa. "Mwanangu, sikatai. Naogopa. Unajua sheria hii ilitoka wapi?"

"Nilisikia kwa bibi."

"Ulisikia, lakini mimi baba yangu aliona. Zamani Simba alikuwa hashuki bwawani. Alilala hapa juu kivulini. Sisi tulishuka, tukamletea maji kwenye kibuyu. Akimaliza, anadai mengine. Tulibeba mpaka migongo ikachubuka. Siku tulipomfukuza, tukaapa: hakuna kubebwa, hakuna kuletewa. Leo nikiilegeza sheria kwako, kesho Simba atarudi hapa akichechemea, aseme naye anaumwa mguu."

"Siombi uilegeze, mzee," akasema Kuro. "Naomba itimie."

Nyati akamtazama upya. Jambo hilo hakuwa amelitarajia.

Basi Kima akashuka mtini. Kima ni mtundu, lakini moyo wake si mbaya. "Nimepata!" akasema. "Sheria inataka unyayo kwenye matope, si ndiyo? Kama Dada Kuro hawezi kuyafuata matope, matope yamfuate Dada Kuro!"

Mbio akashuka bondeni. Akachuma jani la yungiyungi, lile pana kama sinia. Akachota matope, akapanda nayo, akayaweka mbele ya Kuro. "Kanyaga!"

Kuro akakanyaga. Chwa!

Kima akabeba jani, akashuka tena, akaliweka kando ya maji, kwenye mstari wa nyayo. "Haya! Unyayo wa Kuro upo bwawani!"

Baraza likashangilia. "Sheria imetimia! Sheria imetimia!" Hata Nyati akapumua. Wote wakageuka waende kwao.

Kuro akasema: "Ndugu yangu Kima, ahsante sana. Umeshuka na kupanda kwa ajili yangu, na umelowa mpaka kwapani."

"Usijali, dada."

"Ila naomba kuuliza swali moja. Unyayo wangu umefika bwawani. Mimi je?"

Wote wakasimama walipokuwa.

"Sheria imeshakunywa," akasema Kuro. "Mimi bado nina kiu."

Na kule chini jua lilipiga lile jani. Matope yakakauka. Yakapasuka. Pa! Unyayo wa Kuro ukawa vumbi.

Alikuwapo Tembo. Alisimama nyuma ya wote muda wote ule, kimya, machozi yanamtoka. Tembo akilia hajifichi. "Nitajenga mimi," akasema. "Nitajenga njia nzuri ambayo bwawa hili halijapata kuona."

Akaanza siku ileile. Tih! Tih! Tih! Akaubomoa ukingo kwa meno. Akausukuma udongo kwa kichwa. Akaenda kwenye kijito kilichokauka akaokota mawe, meupe, ya mviringo, yaliyosuguliwa na maji mpaka yakang'aa. Akayapanga kutoka juu mpaka chini, jiwe kwa jiwe, njia iliyonyooka. Alifanya kazi na jua, akafanya kazi na vumbi. Masikio yakapauka. Hakuomba msaada.

Kuro alitaka kwenda kutazama. Ngiri akamzuia. "Pumzika, dada. Usijichoshe. Tunataka tukushangaze."

Kuro akarudi. Akalamba umande. Macho yameanza kuingia ndani.

Njia ikaisha. Nayo ilipendeza! Mawe meupe yaling'aa kama meno ya mtoto. Tembo akasema: "Tusimwite kabla hatujaijaribu. Tuijaribu kama yeye." Akainua mguu wake mmoja wa mbele, akashuka kwa miguu mitatu. Tih, tih, tih. Akafika.

"Inapitika!" akasema.

Wengine nao wakataka. Pundamilia akainua mguu, akashuka akirukaruka. Ngiri akainua mguu. Kanga akainua mguu, akabaki na mmoja. Kima akashuka kwa mikono, miguu hewani. "Jamani, huu mchezo mtamu!" Wakacheka, wakapanda, wakashuka tena. Hata Nyati alijaribu, kidogo tu, pale juu.

Ndipo wakamwita Kuro. Wakajipanga huku na huku, kila mmoja na jani la matete mdomoni la kumpungia. Kuro akaja. Mnamsikia?

Ko, ko, ko, shwaaa!

Akasimama juu ya njia. Akatazama chini. Akaona mawe yanavyong'aa. Akaona njia ilivyonyooka, moja kwa moja, kama mvua inavyoanguka. Akajua.

Kisha akatazama nyuso. Zote zilikuwa zinatabasamu. Tembo alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, palipogusa udongo. Aseme nini Kuro? Hebu niambieni ninyi. Mtu amekufanyia kazi mpaka ngozi imetoka, utamwambiaje kwamba haifai? Kuro akawaza kusema ahsante, arudi nyumbani, alale na kiu yake. Lilikuwa jambo rahisi. Wengi hufanya hivyo.

Akajaribu. Ko. Ko. Ko. Jiwe la kwanza, sawa. Jiwe la pili. Mguu wa nyuma, wa kulia, ukateleza, ukapita mbele, ukamgeuza ubavu.

Tereeee!

Tembo akarusha mkonga, akamdaka kiunoni, akamrudisha juu. Kuro akasimama, anatetemeka. Majani ya matete yote yameshuka.

"Lakini tulijaribu!" akasema Tembo. "Sote tulipita kwa miguu mitatu!"

"Nilikuwa nawasikia mkicheka, nikachungulia kwenye majani," akasema Kuro. "Kaka Tembo, pale kwenye jiwe la tatu uliteleza. Ukafanya nini?"

Tembo akafikiri. Tembo hasemi uongo. "Niliushusha mguu," akasema.

"Pundamilia?"

"Niliushusha."

"Ngiri?"

Ngiri akakwaruza ardhi. "Kidogo tu."

"Mimi huu sina pa kuushusha," akasema Kuro.

Basi maneno yakalipuka. Mmoja akasema, hana shukrani huyu. Mwingine akasema, leo hili, kesho lile. Mwingine akasema, mwezi umeshakaribia kupevuka, muda umekwisha, sheria ni sheria, aende mtoni kama wengine walivyowahi kwenda.

Kuro akangoja wamalize. Safari hii aliyapanga maneno yake vizuri.

"Nina shukrani," akasema. "Nina shukrani mpaka zinanikaba koo. Kima alilowa kwa ajili yangu. Tembo amechubuka uso kwa ajili yangu. Nimekaa juu kule peke yangu nikiwasikia mnavyohangaika, nikasema, hivi kweli mimi ndiye ninayependwa hivi? Na kwa sababu nawashukuru ndiyo maana nasema ukweli. Nikiwadanganya kwamba inafaa, mtarudi nyumbani na furaha, na kesho kutwa mtaikuta mifupa yangu njiani kuelekea mtoni, msijue ni kwa nini."

Mara, kando ya kichuguu, kukasikika sauti ya kupiga miayo. Aaaaah!

Alikuwa Mhanga. Mnamjua Mhanga? Pua ndefu, masikio kama ya punda, makucha kama majembe. Chakula chake mchwa. Hufanya kazi usiku, mchana hulala. Baraza la kwanza alisinzia. Matope ya Kima aliyasinzia. Njia ya Tembo aliisinzia yote. Sasa jua lilikuwa linashuka, naye ndiyo kwanza anaamka.

"Samahani, wakubwa," akasema, anapangusa macho. "Nasikia mambo ya njia. Nilipitiwa na usingizi, sijui mmefika wapi." Akamgeukia Kuro. "Hivi dada, wewe ungependa njia ipite wapi?"

Kuro akamtazama. Akatazama wote.

"Wewe ni wa kwanza kuniuliza," akasema.

Tembo akaketi chini. Tih! "Kweli," akasema. "Sikuuliza."

"Wala mimi," akasema Kima.

Nyati akatazama kwato zake.

Mhanga akastaajabu. "Sasa mlikuwa mnajuaje?"

Basi Kuro akawaonyesha. Akatangulia mbele, nao wakamfuata nyuma, msafara mzima, kuzunguka ukingo wa bonde. Ko, ko, ko, shwaaa. "Mimi kwenye mteremko siendi moja kwa moja," akasema. "Naenda kwa ubavu. Njia iizunguke bakuli, kama nyoka aliyejikunja. Ishuke pole. Inaposhuka, ukingo uwe mkono wangu wa kulia, mguu wa waya uegemee hapo. Na mawe yaliyosuguliwa sitaki chini ya kwato. Nataka udongo wa kukwaruza."

"Udongo wa kukwaruza upo," akasema Mhanga.

"Na pale, pale na pale, pawe tambarare. Nipumue."

"Na wakati wa kupanda?" akauliza Tembo. Sasa Tembo alikuwa amejifunza. "Wakati wa kupanda, mguu wa waya si utakuwa upande wa shimo?"

Kuro akageuka. Macho yakamng'aa. "Ndiyo, kaka! Hapo ndipo ninapoogopa. Utateleza nje."

"Basi mawe yangu yana kazi," akasema Tembo. "Yakae pembezoni, yawe ukuta mdogo. Mguu ukiteleza, uyakute."

Wakaanza. Mhanga mbele: kwaru, kwaru, kwaru! Tembo nyuma anasukuma: tih, tih, tih! Kima anabeba udongo kwa jani la yungiyungi. Ngiri anasawazisha kwa pua. Kila walipofika kwenye kona, wakasimama, wakaita: "Dada Kuro! Njoo ujaribu!"

Kuro akaja. "Hapa pamesimama kidogo." Wakapashusha. "Hapa panatosha." Wakaendelea. Kima akanung'unika: "Huyu dada ana macho ya fundi, hata kokoto anaiona!" Kuro akamwambia: "Ningekuwa siioni, ungenizika." Wakacheka wote wawili. Wanyama wakampelekea majani mabichi yenye maji ndani, wakala pamoja naye, maana kula pamoja sheria haikukataza.

Na mwezi ukapevuka.

Asubuhi ya Siku ya Nyayo wanyama wote wakasimama kuzunguka bonde. Nyati mbele. Hakuna aliyeshika jani la kupunga, safari hii waliogopa. Kuro akaingia njiani.

Ko, ko, ko, shwaaa!

Akafika kona ya kwanza. Akapumua.

Ko, ko, ko, shwaaa!

Akafika kona ya pili. Mguu umeegemea ukingo. Udongo unashika kwato.

Ko, ko, ko, shwaaa!

Harufu ya maji ikampiga puani. Hakukimbia. Alitaka kukimbia, lakini hakukimbia. Akafika kwenye matope. Akakanyaga kwato tatu, na mguu wa nne ukachora mstari mrefu nyuma yake. Kisha akainamisha shingo.

Akanywa. Jamani, akanywa! Gudu, gudu, gudu, gudu.

Wengine nao wakashuka, wakakanyaga, kisha Nyati akaja kutazama nyayo. Wa pundamilia upo. Wa ngiri upo. Wa kanga upo. Akafika kwenye ule mstari mrefu. Akasimama.

"Na huu?"

"Ndio unyayo wangu, mzee," akasema Kuro, maji yanamdondoka kidevuni. "Ndivyo ulivyo."

Nyati akaufuata kwa macho mpaka mwisho. "Upo," akasema.

Kisha akapanda kutoka bondeni kwenda kichuguuni, naye alipitia njia mpya. Kima akamwona. "Shikamoo, Mzee Nyati! Umepotea? Njia yako si ile?"

"Nakagua kazi!" akanguruma Nyati. Lakini magoti yake yalikuwa yakimuuma tangu mwaka juzi, na hakumwambia mtu. Nyuma yake alifuata pundamilia mwenye mimba, na nyuma ya pundamilia vifaranga wa kanga, tititi, tititi, ambao kila mwaka walikuwa wanabingirika kwenye njia ya zamani.

Nyati akapiga mbiu. "Wanyama wa Bwawa la Matete! Sheria ni ileile. Kila mnyama atashuka kwa miguu yake. Ila tangu leo naongeza, ili wajukuu wasisahau. Njia ya kushukia itakuwa njia ambayo kila mnyama anaiweza. Kuijenga ni kazi ya bwawa zima. Haitakuwa fadhila ya Tembo wala huruma ya Kima. Ni haki ya anayeshuka. Na kabla ya kuchimba, aulizwe yule ambaye njia ya zamani ilimshinda. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Mhanga amesikia?"

Mhanga alikuwa amelala.

Haya, mafunzo ya hadithi hii ni haya, nami nayasema wazi ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Ukitaka kumjengea mwenzako, muulize kwanza, na akishakujibu, mwite tena ajaribu. Sheria inayosema kila mtu ni lazima imfikie kila mtu, na isipomfikia, wa kubadilika ni njia, si yeye. Na wewe uliyejengewa, shukuru kwa moyo wote, na ukweli useme vilevile. Shukrani na ukweli vinakaa nyumba moja bila kugombana.

Msiinuke bado. Kuna asubuhi iliyofuata.

Asubuhi iliyofuata Kuro aliamka kabla ya wenzake. Akashuka bwawani peke yake, hakuna anayemtazama, hakuna anayempungia. Akanywa mpaka akashiba. Akapanda, mguu wa waya unagusagusa mawe ya Tembo, jiwe moja baada ya jingine. Akafika juu. Akasimama pale kidogo, akatazama njia.

Kisha akashuka tena. Hakuwa na kiu.

Ko, ko, ko, shwaaa!

Hadithi yangu imeishia hapo, pale matope yalipo mabichi. Anayetaka naye aende akaweke unyayo wake.